Kadi za Salamu: Jumuiya Iliyozaliwa Redioni

Kadi ya salamu ilikuwa kipande cha karatasi ngumu, ukubwa wake kama kadi ya posta. Juu palikuwa na nafasi ya jina la mtumaji na sanduku lake la barua. Katikati ilipangwa mistari ya majina ya wanaosalimiwa, na chini kabisa mstari wa ujumbe. Mtu aliijaza kwa kalamu ya wino, mara nyingi kwa herufi kubwa ili mtangazaji asimkosee jina, akaipeleka posta, kisha akaanza kusubiri. Wiki zilipita. Siku kadi yake ikisomwa, nchi nzima ilisikia kwamba yupo, ni mzima, na anawakumbuka watu wake.

Wengi wetu tulikua tukizisikia salamu hizo bila kuwaza kwamba ni taasisi. Hazikuwa na jengo lao wala sherehe ya kuzinduliwa, lakini zilikuwa na taratibu, wazee na wanachama waaminifu, na zimeishi kuliko mashirika mengi yaliyozaliwa kwa mbwembwe.

Redio yenyewe haikuletwa kwa ajili ya watu kusalimiana. Nchini Kenya matangazo yalianza mwishoni mwa miaka ya 1920, yakiwalenga walowezi. Dar es Salaam ilipata kituo chake mwaka 1951, kikageuka Shirika la Utangazaji la Tanganyika mwaka 1956. Baada ya uhuru serikali zilishika usukani: Sauti ya Kenya ikapata jina hilo mwaka 1964, na Redio Tanzania Dar es Salaam ikafuata mwaka 1965. Kazi ya redio ilikuwa kutangaza, na kazi ya mwananchi kusikiliza taarifa ya habari, hotuba, mafunzo ya kilimo na bei ya pamba. Kipindi cha salamu kikawa upenyo ambamo msikilizaji naye alipitisha neno lake, na alipopata nafasi hiyo hakuitumia kudai chochote. Aliulizia hali za watu, kama anavyofanya akikutana na jirani kisimani.

Upenyo huo uliwafaa sana watu wa miaka ile, kwa sababu walikuwa wametawanyika. Mwalimu kutoka Bukoba alipangiwa kazi Mtwara. Vijana walikuwa kwenye makambi ya Jeshi la Kujenga Taifa, wengine kwenye mashamba ya mkonge ya Tanga, na maelfu walijenga reli ya TAZARA kati ya mwaka 1970 na 1975. Katikati ya miaka hiyohiyo ya 1970 mamilioni walihamia vijiji vya ujamaa. Kenya nako, mtu wa Kakamega alikuwa mpishi Mombasa, na mdogo wake kibarua kwenye mashamba ya chai Kericho. Simu ilikuwa mali ya ofisi, na kupiga ya mbali kulitaka opereta na subira. Barua ilimfikia mtu mmoja tu. Kadi ya salamu iliwafikia kumi kwa mkupuo, na wasiotajwa nao wakapata kujua.

Kilichobaki ni chombo cha kusikilizia, na hicho kilipatikana redio za transista zilipoingia vijijini. Mwaka 1966 kampuni ya Matsushita ilifungua kiwanda Dar es Salaam, kikatoa redio na betri zenye jina la National, ambalo watu wa umri wangu hawajalisahau. Betri zilikuwa na thamani kama sukari. Zikianza kuchoka zilianikwa juani, kwenye bati au juu ya jiwe, zikapata nguvu ya siku mbili tatu zaidi. Miaka ya mwanzo ya 1980, bidhaa zilipoadimika Tanzania, nyumba nyingi zilifungua redio kwa ratiba: taarifa ya habari, kisha salamu, kisha inazimwa. Muziki ulisubiri, salamu hazikusubiri. Nadhani hilo linaeleza uzito wa kipindi kuliko takwimu yoyote.

Usomaji wenyewe ulikuwa na mwendo wake. Mtangazaji alianza na mtumaji na mahali alipo: fundi cherehani wa Singida, karani wa ushirika Shinyanga, mama muuza samaki wa Kisumu. Halafu yakafuata majina ya wasalimiwa, moja baada ya jingine, kila moja na kijiji chake, hadi kwa "wote wanaonifahamu". Ujumbe ukaja mwisho: mara nyingi methali, wakati mwingine pole ya msiba, au fumbo ambalo watu wawili tu nchini walilielewa. Ukapigwa wimbo mmoja, kisha kadi nyingine. Nyumba iliyotajwa ililipuka kwa vifijo, watoto wakatoka mbio kuwaambia majirani ambao nao walikuwa wamekwisha kusikia.

Watumaji wa mara kwa mara walijipa majina ya heshima na ya mzaha, mzee wa hili, mtoto wa kule, chifu wa salamu wa mahali fulani. Baada ya miaka michache msikilizaji wa Lindi alimjua mtumaji wa Musoma ambaye hakuwahi kumwona. Alijua majina ya wanawe kwa vile walivyosalimiwa. Alijua amehama kwa kuwa sanduku la barua limebadilika. Akinyamaza mwezi mzima, wengine walituma kadi za kumuulizia.

Redio Tanzania ilikuwa pia na kipindi cha kuwasalimu wagonjwa, Ugua Pole. Kadi zake zililengwa wodini, na kwa kuwa posta ilikwenda kwa mwendo wake, mgonjwa aliyetajwa huenda alikuwa amesharudi nyumbani na jembe begani, au alikuwa amezikwa. Hata hivyo watu waliendelea kutuma. Aliyelazwa hospitali ya mkoa, mbali na kwao, alisikia jina lake kwenye redio ya muuguzi, na wodi nzima ikajua kwamba mtu huyu ana ndugu.

Kulikuwa na walioona kwamba ni kupoteza muda, redio ya taifa kusoma orodha za majina. Sikubaliani nao hata kidogo. Hotuba ziliwaita watu hao "wananchi" kwa jumla. Kadi ndiyo iliyomtaja kuli wa Makambako kwa jina lake na la mkewe, kwa sauti ileile iliyosoma habari za mawaziri. Na katika Kenya ileile ambamo mtangazaji Leonard Mambo Mbotela, aliyefariki Februari 2025, aliuliza tangu mwaka 1966 kupitia kipindi chake "Je, Huu ni Ungwana?", watuma salamu walikuwa wakijibu kwa vitendo: waliwataja wakubwa kwanza, hawakumwacha mgonjwa, hawakumsahau aliyefiwa.

Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika, na mpaka wa Kenya na Tanzania ukafungwa hadi Novemba 1983. Mabasi yalisimama, biashara ikalala, ndugu wa Namanga, Taveta na Sirari wakatenganishwa na kizuizi cha barabarani. Mawimbi ya redio hayakuwa na forodha. Wa upande wa Tanzania waliendelea kuisikia Nairobi, wa upande wa Kenya wakaisikia Dar es Salaam, na Kiswahili cha salamu kilikuwa kimoja. Usiku masafa ya kati yalifika mbali zaidi, na idhaa za ng'ambo za Kiswahili, kama BBC iliyoanza mwaka 1957, Redio China ya mwaka 1961 na Deutsche Welle ya mwaka 1963, nazo zilipata wasikilizaji waliounda vikundi vyao na kuandikiana.

Kutoka hewani watu walikutana ana kwa ana. Vilabu vya salamu vilizaliwa mijini na vijijini, vikiwa na mwenyekiti, katibu, mweka hazina na daftari la michango. Wanachama walialikana, wakala pamoja, na wakati mwingine ilichukua muda kulinganisha sura na jina lililozoeleka masikioni kwa miaka. Palifungwa ndoa. Palianzishwa vyama vya kukopeshana. Zaidi ya yote walizikana: mtuma salamu akifariki, wenzake walisafiri kwenda kwao, wakiwa wageni kabisa kwa ukoo wa marehemu, na mkuu wa msafara alisimama kueleza wanavyomfahamu. Familia nyingi zilijua siku hiyo tu kwamba mzee wao alikuwa na marafiki nchi nzima.

Mambo yalibadilika haraka kuanzia miaka ya 1990. Vituo binafsi vilifika, Radio One mwaka 1994 kwa Tanzania, na Kenya ikafuata miaka miwili baadaye. Simu za mkononi zilipoenea, ujumbe mfupi ulichukua nafasi ya kadi: unaandikwa sasa, unasomwa baada ya dakika tano, jibu linarudi kabla kipindi hakijaisha. Utaratibu haukubadilika. Anatajwa kwanza mtumaji na mahali alipo, kisha majina, kisha ujumbe. Vilabu vingi vimehamia kwenye makundi ya WhatsApp, na michango ya misiba hutumwa kwa simu badala ya kubebwa kwenye bahasha.

Kadi zenyewe zinapotea. Zilichapwa kwa wingi na hakuna aliyezihesabu kuwa kumbukumbu. Kama iko moja kwenye sanduku la mama yako au ndani ya Biblia au msahafu wa babu, itoe uisome vizuri: mhuri wa posta utakuambia mwaka, sanduku la barua litakuambia alikuwa wapi, na orodha ya majina itakuonyesha aliowathamini, kwa mpangilio alioutaka yeye. Andika nyuma yake yule fulani alikuwa nani, maadamu yupo bado wa kumuuliza.