Kuuza Kahawa kwa Kamisheni: Mambo ya Kujua Kabla ya Kuvuka Mpaka

Wafanyabiashara wadogo na madereva wanaopita Mutukula, mpakani mwa Tanzania na Uganda, wanaweza kujiongezea kipato kwa kuuza kahawa iliyokaangwa na kufungwa mkoani Kagera. Mtaji unaohitajika ni mdogo, kwa kuwa mzigo si mali ya wakala. Lakini hapo ndipo ugomvi mwingi huanzia.

Kamisheni si mali kauli

Anayechukua mali kauli anadaiwa bei ya mzigo wote, uuzike usiuzike. Wakala wa kamisheni huuza kwa niaba ya mwenye mali, hukabidhi fedha na kupewa asilimia yake. Kisichouzika hurudishwa. Andikianeni mapema bei, asilimia, siku ya hesabu, na nani atabeba hasara pakiti zikilowa au kupotea njiani.

Piga hesabu kwanza

Tuseme umepewa pakiti 40 za shilingi 8,000. Zikiuzika zote ni shilingi 320,000, na kamisheni ya asilimia 10 ni 32,000. Kama nauli na gharama za mpakani zimefika 20,000 na zote ni juu yako, unabaki na 12,000 tu. Kubalianeni nani analipa usafiri.

Forodhani

Bidhaa zenye asili ya Jumuiya ya Afrika Mashariki hazitozwi ushuru wa forodha zikiwa na cheti cha uasili. Kwa mzigo usiozidi dola 2,000 wa bidhaa zilizo katika orodha ya pamoja, kuna cheti rahisi kinachotolewa mpakani. Hata hivyo, kodi za ndani kama VAT zinaweza kudaiwa. Chukua kahawa yenye alama ya ubora ya TBS: sheria ya viwango ya Jumuiya ya mwaka 2006 inataka nchi wanachama zitambuane alama hizo.

Jihadhari na kahawa ghafi

Kahawa ya maganda na buni ni suala jingine kabisa. Kuisafirisha nje ya Tanzania kunahitaji leseni ya Bodi ya Kahawa. Ukiambiwa "pitisha magunia haya, utapata kamisheni yako ng'ambo" bila karatasi, kataa. Mzigo ukikamatwa, mwenye mali hayupo. Aliyepo ni wewe na gari.