Umeme Unapozimika Angani

Jumapili moja tulikuwa tumesimama nje ya kanisa hapa Bukavu, eropleni ndogo ikapita juu yetu ikielekea Kavumu. Mzee mmoja akaniuliza, "Mwalimu, hapa mjini umeme hukatika, nasi tunawasha mishumaa. Je, ukikatika huko juu, wale watawasha nini?" Vijana wakacheka. Lakini swali la mzee si la kuchekwa. Wengi wetu tuna ndugu huko Shabunda, na kwa kuwa barabara ni mbaya, watu na mizigo yao husafiri kwa ndege ndogo. Basi yafaa tumjibu mzee, na jibu lenyewe limo katika historia.

Kwanza tuitazame injini. Petroli haiwaki bila cheche. Cheche hiyo ya umeme yatoka wapi? Mtu wa baiskeli ataelewa upesi: gurudumu likizunguka, dinamo huzunguka nalo, taa ikawaka, hahitaji beteri. Mwaka 1902, katika karakana ya Robert Bosch huko Ujerumani, fundi Gottlob Honold alitengeneza magneto yenye nguvu kubwa, yaani chombo cha sumaku kinachozungushwa na injini yenyewe na kuipa cheche. Na tarehe 17 Desemba 1903, ndugu wawili wa Marekani, Orville na Wilbur Wright, waliporuka mara ya kwanza, injini yao nayo ilipata cheche kwa magneto.

Mpaka leo ndege ndogo nyingi za petroli zina magneto mbili, ili moja ikifa nyingine ifanye kazi. Wala magneto hizo hazitegemei beteri. Kwa hiyo taa zote zikizimika na redio ikinyamaza, injini haina habari. Yaendelea kuzunguka kama kwanza. Hilo ndilo jibu la kwanza kwa mzee wetu: umeme ukikatika, ndege haianguki kama jiwe.

Lakini habari haikuishia hapo. Marubani wa zamani walishika dira, saa na ramani, wakafuata mito na pwani kwa macho. Mwaka 1925 Mbelgiji Edmond Thieffry na wenzake wawili walitoka Brussels tarehe 12 Februari, wakafika Léopoldville, ambayo leo ni Kinshasa, tarehe 3 Aprili. Siku 51! Hali ya hewa ikiwa mbaya, mtu alingoja chini. Kisha, tarehe 24 Septemba 1929, Mmarekani James Doolittle aliruka na kutua bila kuona nje hata kidogo, akiongozwa na redio na vipimo vilivyokuwa mbele yake. Tangu hapo watu walipata moyo wa kuingia katika mawingu na katika usiku. Ni faida kubwa sana. Ila tangu hapo pia, anayepotewa na umeme ndani ya wingu hupotewa na macho yake.

Tuone mfano mmoja wa kweli. Usiku wa tarehe 11 Oktoba 1983, ndege ya kampuni ya Air Illinois iliondoka mji wa Springfield, Marekani, kwenda Carbondale, ikiwa na watu 10. Ilikuwa imechelewa. Dakika chache tu baada ya kuruka, dinamo moja kati ya mbili iliharibika. Msaidizi wa rubani akataka kuitenga ile mbovu, lakini kwa kosa akaitenga ile nzima. Na walipotaka kuirudisha, ikakataa. Zikabaki beteri peke yake, na beteri ni kama kibuyu cha maji: haiongezeki, hupungua tu. Springfield ilikuwa karibu nyuma yao. Lakini rubani aliendelea mbele katika usiku wa mawingu, akitumaini kwamba beteri zitamfikisha. Yapata nusu saa tangu kuruka, umeme ukaisha wote. Ndege ikaanguka karibu na Pinckneyville, wasipone hata mmoja. Wachunguzi wa serikali waliandika kwamba sababu ilikuwa uamuzi wa rubani kuendelea badala ya kurudi, tena kwamba msukumo aliojitia mwenyewe moyoni uliuharibu uamuzi huo.

Twaona basi kwamba dinamo mbovu haikuwaua peke yake. Haraka iliisaidia.

Kutokana na misiba ya namna hii marubani hufundishwa utaratibu. Kwanza, rubani aendeshe ndege yake. Asiache usukani kwa kushughulikia taa. Sindano ya kipimo ikionyesha kwamba beteri yatoa tu wala haipokei, azime dinamo na kuiwasha tena mara moja. Ikikataa, asiirudie rudie, maana waya hushika moto. Akisikia harufu ya moshi, akate umeme wote mara moja. Pili, azime kila kisicho cha lazima, akiacha redio moja tu. Tatu, awaambie watu wa chini shida yake sauti ikingali inasikika. Nne, atue kwenye uwanja mzuri ulio karibu, hata kama si huo aliotaka kwenda.

Redio ikifa kabisa, mnara wa uwanja unaweza kusema naye kwa taa: kijani isiyopepesa ni ruhusa ya kutua; nyekundu isiyopepesa yamwambia apishe wengine na kuendelea kuzunguka. Kipimo cha mwendo na kipimo cha kimo katika ndege nyingi ndogo hufanya kazi kwa hewa, na dira kwa sumaku. Ndege mpya zenye vioo vya kompyuta hutegemea umeme zaidi, ndiyo maana huwekewa akiba yake.

Hapa Kivu, kosa dogo halina nafasi. Jua hutua karibu saa kumi na mbili jioni mwaka mzima, na giza huingia upesi. Mlima Kahuzi una mita 3,308, na mawingu hupenda kuufunika. Tarehe 1 Septemba 2008 ndege iliyotoka Kisangani iligonga mlima ilipokuwa ikikaribia Kavumu, watu 17 wakafa. Siitaji kama habari ya umeme; naitaja ili tujue milima yetu ilivyo kwa asiyeiona.

Nilipomweleza mzee haya, alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Kumbe mshumaa wao ni kurudi mapema." Ndivyo. Nasi abiria tuna sehemu yetu. Rubani akisema, "Leo hatufiki, turudi," tusimnung'unikie kwa sababu ya soko wala ya arusi. Soko litakuwako kesho.