Paa la bati na upepo wa mvua: lifunge kabla ya Novemba

Katika vijiji vya Nachingwea na Ruangwa si ajabu kuona nyumba ya bati iliyowekewa mawe, magogo au matairi mabovu juu ya paa. Mwenye nyumba anataka upepo usimwezue. Lakini jiwe ni kinga hafifu, na siku paa likinyanyuka, jiwe hilo huanguka na pengine likawapata waliolala ndani.

Watu wengi hudhani upepo huangusha paa kwa kulisukuma. Kazi kubwa ya upepo ni kulinyanyua. Unapopita kasi juu ya nyumba hulivuta bati kwenda juu, na ukiingia ndani kwa mlango au dirisha lililo wazi hulisukuma kutoka chini. Mivuto hiyo miwili ikikutana, paa hung'oka. Upepo wa kilomita 100 kwa saa unaweza kulivuta bati kwa nguvu inayolingana na uzito wa karibu kilo 50 kwa kila mita moja ya mraba, na kwenye kingo huzidi hapo. Bati lenyewe la geji 30 halifiki kilo 4 kwa eneo hilo hilo. Hesabu mwenyewe ungehitaji mawe mangapi, kisha ujiulize kama kenchi zako zinaweza kuyabeba.

Kwenye nchi za baridi kama Kanada shida ni kinyume. Huko theluji hulundikana juu ya nyumba na kulemea paa hadi likavunjika, kwa hiyo watu huipunguza kwa reki yenye mpini mrefu wakiwa wamesimama chini. Kwetu paa linahitaji kushikwa lisiruke. Lakini ile tahadhari ya kufanya kazi ukiwa chini kila inapowezekana inatufaa na sisi.

Mnero iko mbali na bahari, na upepo unaotusumbua zaidi ni ule wa ghafla unaotangulia mvua ya radi. Hata hivyo Mkoa wa Lindi si mgeni wa vimbunga. Aprili 1952 kimbunga kilipiga Lindi. Tarehe 25 Aprili 2019 Kimbunga Kenneth kiliingia Cabo Delgado, ng'ambo ya Ruvuma. Mei 2024 Kimbunga Hidaya kilifika pwani yetu karibu na Mafia kikiwa kimepungua nguvu, lakini mvua zake zilikata barabara ya Dar es Salaam na Lindi huko Kilwa.

Mvua zetu huanza Novemba au Desemba na kuendelea hadi Aprili au Mei. Tatizo ni kwamba fedha za korosho huingia wakati huo huo mawingu yanapokusanyika, na mafundi wote wanakuwa na kazi. Fedha za ufuta na mbaazi hutangulia. Waya na misumari si gharama kubwa kama bati jipya. Vinunue wakati huo.

Anza ukaguzi ukiwa ndani ya nyumba. Tazama pale kenchi inapokaa juu ya ukuta. Nyumba nyingi za matofali zina mwamba, yaani mbao inayolala juu ya ukuta, lakini mwamba wenyewe haukushikwa na kitu. Hapo hata bati lipigiliwe vipi, paa zima linaweza kuondoka pamoja na mbao zake. Kama unajenga sasa, mwambie fundi apitishe waya mnene au ukanda wa chuma chini ya tofali la tatu au la nne kutoka juu, au aufunge kwenye nondo za lenta, kisha auzungushe kwenye mwamba na kenchi. Kama nyumba imekwisha, ukuta unaweza kutobolewa kwenye kiwango hicho hicho na waya ukapitishwa. Kwa nyumba ya miti na udongo, funga kenchi kwenye nguzo, usiitegemee fito. Gonga pia mbao na nguzo kwa nyundo: ikitoa sauti ya uwazi, mchwa ameshaingia.

Kisha misumari. Upepo huanzia kingoni, kwa hiyo mstari wa chini, mstari wa juu karibu na kofia na pande mbili za mwisho vinahitaji misumari mingi kuliko katikati. Msumari wa bati hupigwa juu ya mgongo wa bati. Ukipigwa bondeni, maji yatapita. Msumari uliosokotwa hushika mbao kuliko ulio laini. Ule uliolegea usiupigilie tena kwenye tundu lile lile, piga mpya pembeni yake na uzibe tundu la zamani.

Baraza ni mahali pa kuangalia kwa makini, kwa sababu upepo hunasa chini yake. Ni bora paa la baraza lisiwe kipande kimoja na paa la nyumba, ili likichukuliwa lisiburute yote.

Nyumba ya nyasi ina shida yake. Nyasi zilizooza hunyonya maji na kuwa nzito, na hapo uzito kweli unakuwa hatari. Toa tabaka lililooza kabla ya kuongeza jipya juu yake.

Chini ya miembe, majani hujaa kwenye mabonde ya bati, hushika unyevu na kuleta kutu. Yafagie kwa fagio lenye mti mrefu ukiwa kwenye ngazi. Matawi yanayoning'inia juu ya nyumba yakatwe kiangazi.

Ikibidi kupanda, panda bati likiwa kavu. Umande wa asubuhi unatosha kukutelezesha. Ngazi ya mita 4 kwenda juu iwe na mguu mita 1 kutoka ukutani, na mtu aishike chini. Kanyaga kwenye mstari wa misumari, kwani chini yake kuna papi. Katikati ya mistari bati la kutu hutoboka. Kaa mbali na waya wa umeme unaoingia nyumbani. Ukisikia radi, shuka.

Upepo ukianza, funga milango na madirisha yote, kisha kaeni kwenye chumba kidogo cha ndani, mbali na madirisha. Kama paa limeanza kupiga kelele, mtu asitoke kulishika wala kupanda kuongeza jiwe. Bati linaloruka hukata kama panga. Baada ya upepo, waya wa umeme ulioanguka usiguswe hata kama unaonekana umekufa, watoto wazuiwe, na TANESCO wapigiwe simu. Mabati yaliyotawanyika yaokotwe mchana, kwa viatu vigumu na glavu au matambara mikononi. Yaliyopinda kidogo yanaweza kunyooshwa na kurudishwa, ila yale yenye matundu yaliyochanika yasiwekwe tena kingoni mwa paa.