Zizi na Akaunti: Nani Aandikwe Mnufaika wa Bima ya Maisha?

Mwalimu au muuguzi wa Haneti, mkoani Dodoma, anapojaza fomu ya bima ya maisha hufika kwenye mstari mfupi unaotaka jina la mnufaika, uhusiano wake na asilimia atakayopata. Kwa mwanamume aliyelelewa katika ukoo wa baba, jibu la heshima ni jina la mdogo wake, kwa kuwa ndiye atakayesimama badala yake nyumbani. Naona jibu hilo si sahihi, wala tatizo si ubaya wa mashemeji. Jibu hilo linaazima utaratibu uliojengwa juu ya mifugo na kuupachika kwenye fedha, ambayo tabia yake ni nyingine kabisa.

Peter Rigby, katika utafiti wake uliochapishwa 1969 kuhusu ng'ombe na undugu katika Ugogo, nchi ya Wagogo, alionyesha jinsi mahari inavyokusanywa na kugawanywa miongoni mwa ndugu wengi. Mali ya namna hiyo hulindwa na macho ya watu. Ng'ombe wa marehemu hulala zizini na asubuhi hupita njiani mbele ya kijiji, kila mmoja na rangi na pembe zake. Baba mdogo akimpeleka dume wa yatima mnadani, mjane atasikia kabla jua halijazama. Fedha ya bima haina rangi wala pembe. Huingia kwenye akaunti ya mtu mmoja, na anayejua zimebaki shilingi ngapi ni yeye na benki yake. Dhamana ileile, ikiondolewa mashahidi, hubaki ahadi tu, na mjane hana karatasi ya kumdai shemeji aliyeandikwa kwa jina lake mwenyewe.

Wapo watakaosema mstari huo uachwe wazi, familia itaamua. Lakini asipotajwa mtu, fedha kwa kawaida huingia kwenye mirathi: utafutwe muhtasari wa kikao cha ukoo, Mahakama ya Mwanzo iteue msimamizi, ada ya shule ikisubiri. Humo mjane huanza akiwa nyuma, kwani kanuni za mila zilizotangazwa mwaka 1963 kwa jamii nyingi za ukoo wa baba zilimnyima fungu pale marehemu alipoacha ndugu wa ukoo wake, zikamwachia kutunzwa na watoto.

Pingamizi zito zaidi ni kwamba mjane akiandikwa peke yake anaweza kuolewa kwingine, fedha ikaenda naye. Hofu hiyo ina msingi, na fomu yenyewe ina dawa yake: mke apewe asilimia yake, kila mtoto yake. Kwa aliye chini ya miaka 18, atajwe mlezi atakayepokea kwa niaba yake, na iandikwe wazi kwamba ni kwa niaba. Hapo baba mdogo anaweza kutajwa bila kinyongo, maana sasa anashika mali ya mwenzie yenye jina la mwenzie. Jina nalo huchakaa. Nchini Marekani, David Egelhoff alifariki mwaka 1994, miezi michache baada ya talaka, jina la aliyekuwa mkewe likiwa bado kwenye bima ya kazini. Mwaka 2001 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo ilimpa ushindi mwanamke huyo dhidi ya watoto wa David wa ndoa ya awali.

Mkulima wa mtama na alizeti anaweza kusema mjadala huu ni wa watumishi. Kwa sehemu ni kweli. Hata hivyo, mkopo wenye bima ndani yake humfanya mkopaji kuwa na bima ya maisha bila kuiita hivyo, na wa kwanza kulipwa pale ni mkopeshaji. Ni haki yake, ila mkopaji ajue kama kuna kinachobaki kwa nyumba yake. Na aliye na mkataba kabatini autoe leo, asome jina lililoandikwa, kisha alilinganishe na majina ya wanaokula chungu kimoja naye.