AVC haina kabila: ugonjwa uliofuata watu mjini

Huko Katuba au Ruashi, mtu akikosa ghafla nguvu za mkono mmoja, kuna jirani atakayesema amelogwa. Mwingine atasema ni AVC, lakini hiyo ni ugonjwa wa matajiri na Wazungu. Historia inakataa maneno hayo yote mawili.

AVC, au kiharusi, inatokea wakati mshipa wa damu unaziba au unapasuka ndani ya kichwa. Sababu yake kubwa ni tansio ya juu.

Mwaka 1929, munganga Mwingereza Donnison aliandika juu ya watu 1000 aliowapima kusini-magharibi mwa nchi ya Kenya. Tansio yao haikupanda uzeeni kama ile ya Wazungu. Wengi waliamini basi kwamba Mwafrika hapati ugonjwa huo. Lakini wale walikuwa watu wa kijijini.

Miaka ya 1980, watafiti walifuata Waluo waliotoka vijijini kwenda kuishi Nairobi. Muda mfupi baada ya kufika, tansio yao ilikuwa juu kuliko ya wenzao waliobaki nyumbani, na mkojo wao ulionyesha chumvi nyingi zaidi. Kabila ni lilelile, ila maisha yamebadilika.

Tanzania nayo ilihesabu wagonjwa wapya wa kiharusi kuanzia 2003 hadi 2006. Katika wilaya ya Hai, yenye vijiji vingi, walikuwa karibu 109 kwa mwaka kwa kila watu 100 000. Dar es Salaam walikuwa karibu 316. Hesabu hiyo ilifanywa baada ya kusawazisha umri.

Marekani, utafiti uliotangazwa 2006 uliuliza watu zaidi ya 18 000 ambao hawakuwahi kuambiwa wana AVC. Karibu 18 kwa kila 100 walikuwa wamewahi kuona angalau dalili moja. Weusi walizidi weupe, na wenye mapato madogo au masomo machache walizidi wengine. Kwa hiyo si ugonjwa wa matajiri.

Lubumbashi yenyewe, tangu 1910, ilijengwa na watu waliotoka mbali kutafuta kazi ya mgodi. Leo inapokea jamaa zinazokimbia vita. Mhami anaacha shamba na mboga zake, na mara nyingi dawa zake za tansio pia. Anakula kinachopatikana, hata makayabu yenye chumvi kali, na usingizi ni haba.

Tansio haiumi, ndiyo maana inafaa kupimwa kwenye kituo cha afya kabla mtu hajaugua. Dalili za AVC zinakuja ghafla: mdomo kwenda upande, mkono au mguu kulegea au kufa ganzi, maneno kupotea, jicho kutoona. Hata zikiisha baada ya dakika chache, mgonjwa apelekwe hospitali mara moja, asipewe chakula wala kinywaji, na jamaa ikumbuke saa zilipoanza.