Anayemtafuta Galaal Aanze kwa Laurence

Mwaka 1954 kilitoka Nairobi kitabu cha mashairi na ngano za Wasomali zilizotafsiriwa kwa Kiingereza. Kiliitwa A Tree for Poverty, na kilichapishwa na Eagle Press, jina lililotumiwa na East African Literature Bureau, shirika lile lile lililotoa vitabu vingi vya Kiswahili vya enzi hiyo. Mwandishi wake, Margaret Laurence, alikuwa Mkanada ambaye hakuwa ametoa kitabu kingine chochote kabla ya hicho. Baadaye akawa mmoja wa waandishi wakubwa wa nchi yake, na alipofariki mwaka 1987 sehemu kubwa ya barua na karatasi zake ilibaki Toronto. Mpaka leo zimo katika hifadhi ya nyaraka ya Chuo Kikuu cha York, ndani ya Maktaba ya Scott. Hifadhi hiyo ina jina la Clara Thomas, mwalimu wa fasihi wa chuo hicho na rafiki wa Laurence.

Katika jiji hilo hilo, upande wa magharibi karibu na uwanja wa ndege wa Pearson, yapo maghorofa ya Dixon Road. Wasomali walianza kuhamia huko kwa wingi mwishoni mwa miaka ya 1980, mji wa Hargeisa, kaskazini mwa Somalia, ulipokuwa ukipigwa mabomu, na wengine wakafuata baada ya serikali ya rais Siad Barre kuanguka mwaka 1991. Wajukuu wa wale waliotunga na kughani mashairi sasa wanaishi jiji moja na karatasi za mwanamke aliyeyatafsiri. Nalitazama jambo hilo kama bahati kubwa ambayo bado haijatumiwa inavyostahili.

Laurence alifika Somalia ya Waingereza mwanzoni mwa miaka ya 1950 kwa sababu mumewe, Jack, alikuwa mhandisi. Kazi yake ilikuwa kuchimba mabwawa ya kukinga maji ya mvua katika nyanda kavu za Haud, wafugaji wapate pa kunyweshea ngamia wao. Mke akavutiwa na mashairi. Kisomali wakati huo hakikuwa na hati rasmi. Hati hiyo ilikuja mwaka 1972. Shairi zima la gabay, utungo mrefu wa Kisomali, lilikaa kichwani mwa mtu, naye alilipokea kwa mtu mwingine, na kila mghani mzuri alitaja kwanza jina la mtunzi kabla ya kuanza kughani.

Lakini Kisomali cha Laurence hakikutosha kwa kazi hiyo. Waliombeba ni wawili: Bogumił Andrzejewski, mwanaisimu kutoka Poland, na Musa Galaal, Msomali, mshairi na mtafiti wa fasihi ya watu wake. Walikaa pamoja wakilichambua shairi neno kwa neno: mnyama huyu anasimamia nini, fumbo hili lilimlenga nani, mtunzi alikuwa na ugomvi gani na ukoo gani. Laurence aliandika, kisha akatafuta Kiingereza kinachoweza kubeba maana hiyo. Hakuwaficha wenzake, aliwashukuru wazi. Hata hivyo, kitabu kilikuwa chake, na boksi la karatasi hifadhini likawa lake.

Hapa ndipo inapofaa kuelewa jinsi hifadhi zinavyofanya kazi. Maktaba hupanga vitabu kwa mada. Hifadhi hupanga nyaraka kwa kufuata mtu au taasisi iliyozitoa, na karatasi za mtu mmoja hazichanganywi na za mwingine. Kanuni hiyo ni ya busara, kwa kuwa barua iliyotenganishwa na barua ilizojibu hupoteza ushahidi wake. Ubaya wake ni kwamba kijana wa Dixon Road anayetafuta ushairi wa babu zake huenda asiufikie kwa kuandika neno “Somalia” tu kwenye orodha. Ni heri awe amekwisha kusikia jina la Laurence. Ni heri pia ajue kwamba miswada mingine ya mwandishi huyo iko Chuo Kikuu cha McMaster, mji wa jirani wa Hamilton, ambako kitabu kile kilichapishwa upya mwaka 1970.

Sisi wa Kiswahili yametupata hayo hayo. Mshairi Muyaka bin Haji wa Mombasa alifariki yapata mwaka 1840. Tungo zake nyingi zimetufikia kwa sababu Mwalimu Sikujua bin Abdallah alizikusanya, akazifafanua, na akamsaidia mmisionari William Taylor kuziandika. Karatasi ziko London, chuoni SOAS, chini ya jina la Taylor. Diwani ilipochapishwa mwaka 1940, mhariri alikuwa William Hichens. Mwanafunzi wetu anayemsoma Muyaka leo anakula jasho la Sikujua, na mara nyingi hamjui.

Mfano wa njia bora zaidi upo huko huko Kanada. Chuo Kikuu cha Carleton mjini Ottawa kimekusanya nyaraka za Waasia waliofukuzwa Uganda na Idi Amin mwaka 1972, na pamoja nazo kikarekodi mahojiano na wenyewe. Humo msimulizi anajulikana kwa jina lake, na hadithi ni yake.

Hifadhi ya York iko wazi kwa umma, si kwa wanafunzi tu. Huazimi kitu, unaagiza boksi, unaletewa mezani, unaandika kwa penseli ili wino usije ukadondokea karatasi. Ningependa sana kuona kijana akiingia humo na babu yake. Mzee aliyekuwa na miaka kumi na saba huko Hargeisa mwaka 1954, kitabu kilipotoka, sasa anakaribia tisini. Anaweza bado kuyakumbuka mashairi hayo kwa Kisomali, lugha ambayo kitabu hakikuyahifadhi.