Glasi Mbili za Pittsburgh: Bourbon, Rai na Siasa ya Ladha

Nilipokuwa nikisomea shahada ya uzamivu nilipanga chumba mjini Pittsburgh, katika jimbo la Pennsylvania, kwa mzee mmoja aliyestaafu kazi ya kiwanda cha chuma. Jioni moja ya baridi kali aliniwekea mezani glasi mbili ndogo za wiski, akaniomba nizionje bila kunieleza ni za aina gani. Ya kwanza ilikuwa laini, yenye utamu wa mbali na harufu ya vanila na sukari iliyoungua. Ya pili ilikuwa kavu. Iliuwasha ulimi kama pilipili manga, kisha ikaacha ladha inayokaribia karafuu. Nikamwambia kwamba nimeipenda ya kwanza. Mzee akacheka. “Umechagua kama Mmarekani wa leo, mwanangu. Babu yangu angechagua ya pili.”

Ya kwanza ilikuwa Bourbon. Ya pili ilikuwa wiski ya rai, nafaka iliyo jamaa ya ngano na shayiri. Nilipoigeuza chupa ya rai nikasoma kwamba imetengenezwa Kentucky. Nilishangaa. Mto Monongahela, unaopita Pittsburgh, ndio uliowahi kuipa jina wiski ya rai iliyosifika Marekani nzima. Ilikuwaje mzee wa bonde hilo anunue kinywaji cha babu yake kutoka jimbo jingine? Swali hilo si la ulimi. Ni la historia.

Tuanze na tofauti yenyewe. Kwa kanuni za Marekani, nafaka za Bourbon sharti ziwe angalau asilimia 51 mahindi. Za wiski ya rai, angalau asilimia 51 rai. Mengine karibu yote yanafanana: kilevi kisizidi asilimia 80 wakati wa kukenekwa, kisizidi asilimia 62.5 wakati wa kutiwa pipani, na pipa liwe jipya, la mti wa mwaloni, lililounguzwa ndani. Vanila na sukari iliyoungua niliyoinusa hutoka zaidi kwenye pipa hilo. Mahindi huleta utamu na ulaini. Rai huleta ukavu na ukali. Lakini Bourbon nyingi huchanganywa na rai, na baadhi ya wiski za rai za Kentucky huwa na rai inayozidi kidogo tu asilimia 51. Bourbon yenye rai nyingi na rai yenye mahindi mengi hukaribiana mno. Mpaka baina yao umechorwa na mwanasheria kuliko ulimi.

Rai ndiyo iliyotangulia kupata heshima. Inastahimili baridi na udongo dhaifu, na wahamiaji wa Kijerumani waliokuja Pennsylvania walikuwa wakiifahamu tangu kwao. Mahindi, kwa upande mwingine, ni urithi wa wenyeji wa bara hilo, nayo yalistawi sana katika ardhi ya Kentucky. Katika pande zote mbili mkulima alikabiliwa na tatizo lile lile: masoko yalikuwa mbali, milima ilikuwa njiani, na farasi hubeba nafaka kidogo. Nafaka iliyogeuzwa wiski ilikuwa nyepesi kusafirisha, haikuoza, na ilipokewa hata kama fedha.

Kwa hiyo ushuru wa mwaka 1791, uliopendekezwa na Waziri wa Fedha Alexander Hamilton ili kulipa madeni ya taifa, haukuwa ushuru wa anasa machoni pa mkulima wa magharibi mwa Pennsylvania. Ulikuwa ushuru juu ya fedha yake. Tena ulidaiwa kwa fedha taslimu, ambayo hakuwa nayo, na utaratibu wake uliwapa nafuu watengenezaji wakubwa. Mwaka 1794 watu wakachukua silaha, na nyumba ya mkaguzi wa ushuru ikachomwa moto. Rais George Washington alikusanya wanamgambo wapatao 13,000 na kuwaongoza yeye mwenyewe sehemu ya safari. Uasi ukasambaratika kabla ya vita. Watu wawili walihukumiwa kwa uhaini, kisha Rais akawasamehe. Ushuru wenyewe ulifutwa mwaka 1802.

Ipo simulizi kwamba waasi walikimbilia Kentucky na huko wakaanzisha Bourbon. Inavutia, lakini haisimami: Kentucky ilikuwa tayari na watengenezaji wa wiski kabla ya uasi huo, na wengi wao waliugomea ushuru kimya kimya kwa kutoulipa.

Linaloniuma zaidi katika historia hii ni jambo jingine. Mwaka 1797, miaka mitatu baada ya kuwatawanya wakulima wale, Washington alianzisha kiwanda cha wiski katika shamba lake la Mount Vernon, Virginia, kwa ushauri wa msimamizi wake Mskoti, James Anderson. Mchanganyiko wake mkuu ulikuwa asilimia 60 rai, 35 mahindi na 5 kimea cha shayiri. Mwaka 1799 kilitoa karibu galoni 11,000, kikiwa miongoni mwa viwanda vikubwa kabisa vya nchi hiyo. Waliofanya kazi humo walikuwamo watumwa sita: Hanson, Peter, Nat, Daniel, James na Timothy. Mkulima huru alinyimwa faida ya rai yake kwa jina la sheria. Mtumwa hakuwa na rai yake wala nafsi yake. Tunapouliza wiski ina thamani gani, haifai kuyaruka majina hayo sita.

Basi rai ilishindwaje? Haikushindwa kwa ladha. Kwanza, mahindi yalizidi kuwa mengi na ya bei nafuu, ilhali uji wa rai hunata na hutoa povu, ukamsumbua mtengenezaji. Kisha ikaja marufuku ya pombe ya mwaka 1920 hadi 1933. Viwanda vingi vya Pennsylvania na Maryland vilifungwa, na vingi havikufunguliwa tena. Kentucky nayo iliumia, ila ilisimama upya ikiwa na mahindi yake. Hata Old Overholt, wiski ya rai iliyozaliwa Pennsylvania mwaka 1810, ilihamishiwa Kentucky mwishoni mwa miaka ya 1980. Hapo ndipo nilipopata jibu la chupa ya mzee wangu.

Mwaka 1964 Kongresi ilipitisha azimio la kuitambua Bourbon kuwa bidhaa ya pekee ya Marekani, ili isiingizwe nchini humo wiski ya kigeni yenye jina hilo. Rai, iliyokuwa kinywaji cha waasisi wa taifa, haikupewa ngao hiyo. Nchini Kanada, hadi leo, sheria inaruhusu wiski kuitwa rai bila kuweka kiwango cha chini cha nafaka hiyo. Jina lililolindwa likapanda thamani. Jina lililoachwa likatumiwa ovyo.

Katika karne hii rai imerejea, na chupa zake nyingine zina bei kuliko Bourbon. Lakini tusiidhanie bei kuwa hukumu ya ladha. Kila mwaka pipani sehemu ya wiski hupotea kwa mvuke, hivyo wiski kongwe ni haba na ni ghali. Ila pipa jipya likikaa na wiski mno huitia uchungu wa mti. Mnunuzi hulipia uhaba, umri na jina.

Wanafunzi wangu hupenda kusema kwamba soko ndilo linaloamua thamani. Nawajibu kwamba soko huchagua miongoni mwa vile ambavyo sheria imeviacha hai. Glasi niliyoichagua usiku ule ilikuwa imekwisha kuchaguliwa na ushuru, marufuku na azimio la bunge kabla sijanyoosha mkono. Nawe, mtumishi wa umma unayeandaa rasimu ya kanuni au jedwali la ushuru, jua kwamba huandiki tarakimu tu. Unaamua ni shamba la nani litaendelea kulimwa, na ni ladha ipi mjukuu wa mtu ataitafuta katika bonde la babu yake asiipate.